Redio, Majaribio na Kukua kwa Roki ya Progresivu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Roki ya progresivu ni muziki wa namna gani?

Ni tawi la roki lililochipuka Uingereza kuanzia 1967 na kukomaa kati ya 1969 na 1975. Majina yake makubwa ni King Crimson, Yes, Genesis, Emerson, Lake & Palmer (ELP), Van der Graaf Generator na Pink Floyd. Msingi wake ni ule ule wa gitaa la umeme, besi na dramu, ila juu yake ziliongezwa filimbi, saksafoni, sintesaiza, kwaya, pengine okestra nzima. Mapigo hayatulii: kibao kinaanza kwa mapigo manne, kinahamia saba, kinarudi. Na vibao vyenyewe ni virefu. "Close to the Edge" ya Yes, iliyotoka 1972, inajaza upande mzima wa santuri kwa dakika 18 na ushee.

Wengi huueleza muziki huu kwa ustadi wa vidole. Ustadi ulikuwepo kweli, lakini wapigaji hodari walikuwepo hata miaka kumi kabla. Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni muda wa hewani. Katikati ya miaka ya 1960 redio ilianza kuwa na saa za usiku ambazo hakuna aliyejua azijaze na nini, na saa hizo zilipatikana kwa sababu ya sheria ambazo waliozitunga hawakuwa wakiuwaza muziki huu hata kidogo.

Kwani kabla ya hapo nani aliwazuia kupiga vibao virefu?

Hakuna aliyewazuia kupiga. Tatizo lilikuwa pa kusikika. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu hivi kila upande, na vituo vya mawimbi ya kati (AM) vilijengwa juu ya kipimo hicho: wimbo, tangazo la sabuni, wimbo, habari fupi. Kibao cha dakika tisa kilikuwa kinakula nafasi ya matangazo matatu. Santuri kubwa ya mizunguko 33, iliyoletwa na Columbia mwaka 1948, ilikuwa na zaidi ya dakika 20 kila upande, kwa hiyo chombo kilikuwepo miaka karibu 20 kabla. Kilichokosekana ni mtangazaji wa kuweka sindano na kuiacha iende.

Waliokulia na rumba ya Kongo wanalijua jambo hili vizuri. Vibao vingi vya Franco na TPOK Jazz vilikatwa katikati ili viingie kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, na sebene likaangukia upande wa pili. Ukimsikiliza mtangazaji mvivu wa kugeuza santuri, uhondo wote unakupita.

Redio za maharamia zilikuwa zipi, na zina uhusiano gani na haya?

Zilikuwa vituo vilivyotangaza kutoka kwenye meli zilizotia nanga nje ya mipaka ya bahari ya Uingereza, kwa sababu nchi kavu BBC pekee ndiyo iliyoruhusiwa kutangaza. Radio Caroline ilianza Pasaka ya 1964. Radio London, iliyokuwa kwenye meli ya Galaxy, ikafuata Desemba mwaka huo. Mchana zilipiga vibao vya chati kama kituo chochote cha biashara, na hapo sioni mapinduzi makubwa.

Jambo lenyewe lilikuwa usiku. Mwaka 1967 kijana aitwaye John Peel alipewa zamu ya saa sita usiku hadi saa nane kwenye Radio London. Wakubwa wa kituo walikuwa wamelala, watoa matangazo hawakuitaka saa hiyo, basi akakiita kipindi chake The Perfumed Garden na kupiga alichokipenda: bluzi, mashairi, bendi zisizo na mkataba, nyuso nzima za santuri. Wasikilizaji wake hawakuwa wengi kama wa mchana, lakini barua zilimiminika, na miongoni mwa waliokesha na redio chini ya mto walikuwemo vijana waliokuja kuunda bendi.

Kipindi kilidumu miezi michache tu. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwakataza Waingereza kuzihudumia au kuzipa matangazo meli hizo, na ilianza kazi usiku wa kuamkia 15 Agosti 1967. Radio London ilijifunga yenyewe alasiri ya tarehe 14.

Basi BBC ilipochukua wasikilizaji hao, mambo yalirudi nyuma?

Hapana, na hii ndiyo sehemu ya historia hii inayonivutia kuliko zote.

BBC Radio 1 ilianza 30 Septemba 1967 na ikawaajiri watangazaji kadhaa wa melini, Peel akiwa mmoja wao. Lakini BBC ilikuwa imefungwa na makubaliano na kampuni za santuri na chama cha wanamuziki: ingeweza kupiga santuri kwa saa chache tu kwa siku. Lengo la makubaliano hayo lilikuwa kulinda ajira za wapigaji, kwa hofu kwamba redio ikijaa santuri hakuna atakayeita bendi. Muda uliobaki ulipaswa kujazwa na muziki uliopigwa mahsusi kwa ajili ya BBC.

Matokeo yake, kipindi cha Top Gear alichokiendesha Peel kilihitaji bendi kila wiki. Kundi liliingia studio mchana, likarekodi vibao vitatu au vinne kwa siku moja, fundi mitambo wa BBC akavisawazisha, na siku chache baadaye nchi nzima ikavisikia. Bendi haikuhitaji kuwa na albamu. King Crimson walirekodi kikao chao cha kwanza studio za Maida Vale Mei 1969, miezi mitano kabla ya albamu yao ya kwanza kutoka Oktoba. Watu walioimiminikia albamu hiyo hawakuwa wananunua kitu wasichokijua.

Na haikuwa nyimbo fupi tu. Julai 1970 Pink Floyd walipiga "Atom Heart Mother" yote, pamoja na kwaya na vyombo vya shaba, mbele ya hadhira ya BBC katika ukumbi wa Paris Cinema, ambao pamoja na jina lake ulikuwa London. Ni utunzi wa zaidi ya dakika 20, na santuri yake haikutoka hadi Oktoba. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo hivyo na "Echoes". Kanuni iliyobuniwa kulinda posho za wapiga fidla ikawa ndiyo maabara ya bendi za gitaa.

Marekani nako kulikuwa na maharamia?

Marekani hawakuwahitaji, maana vituo vya biashara vilikuwa tele. Huko mlango ulifunguliwa na FM.

FM ilibuniwa na Edwin Armstrong katika miaka ya 1930. Sauti yake ni safi, haina mikwaruzo ya radi, na kuanzia 1961 iliruhusiwa kutangaza kwa stirio. Lakini wenye vituo waliitumia kurudia tu yale yaliyokuwa yakiendelea kwenye mawimbi ya kati. Mwaka 1964 FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, ikaamua kwamba katika miji yenye watu zaidi ya 100,000, kituo cha FM kisirudie zaidi ya nusu ya matangazo ya ndugu yake wa mawimbi ya kati, yaani kile cha mmiliki huyo huyo. Wenye vituo walipinga na kuvuta muda, lakini kufikia 1966 na 1967 ilibidi watii. Ghafla kukawa na maelfu ya saa tupu, bajeti ndogo, na wasikilizaji wachache wa kuogopa kuwapoteza.

San Francisco, Tom Donahue alikuwa mtangazaji aliyechoshwa na nyimbo arobaini zinazozunguka. Alitafuta kituo cha FM kilicho taabani, akakipata KMPX, ambacho simu yake ilikuwa imekatwa. Akaona hapo ndipo pa kwenda. Alianza 7 Aprili 1967, akiwaambia watangazaji wake walete santuri zao kutoka nyumbani na wapige nyuso nzima wakitaka. Hapakuwa na vibwagizo vya kituo wala kelele za kumkatisha mwimbaji. New York, WNEW-FM ikafuata mkondo huo, na usiku wake ukawa wa Alison Steele, aliyejiita Nightbird. Alikuwa mmoja wa watangazaji wanawake walioajiriwa 1966 kituo kilipojaribu kuwa na sauti za kike tupu. Jaribio lile lilipovunjwa yeye akabakizwa, na kwa miaka mingi akawa sauti ambayo bendi za Uingereza zilisikika kupitia kipindi chake kabla hazijavuka bahari.

Bila FM, sidhani Yes au ELP wangejaza viwanja vya Marekani. "Roundabout" ya Yes ina zaidi ya dakika nane. Kwa vituo vya mawimbi ya kati ilipunguzwa ikawa tatu na nusu hivi, na ikapanda hadi nafasi ya 13. Vituo vya FM vilipiga ile nzima, na aliyesikia kipande mchana akasikia kilichokatwa usiku alikwenda kununua albamu.

Ubora wa sauti wa FM ulibadilisha muziki wenyewe, au ulibadilisha usikilizaji tu?

Yote mawili. Mfano mzuri ni mwanzo wa "Close to the Edge": ndege na maji yanayotiririka, kwa chinichini sana, yakipanda polepole kwa karibu dakika nzima kabla bendi haijalipuka. Kwenye mawimbi ya kati usiku, mlio ule ungezikwa na mikwaruzo na msikilizaji angedhani kituo kimekatika. Mtu anayetunga akijua kuna redio itakayoubeba utulivu, hutunga utulivu.

Majaribio ya sauti yalianzia kwa bendi gani?

Hayakuanzia kwa bendi. Yalianzia ndani ya vituo vya redio, na hili husahaulika mno.

Mwaka 1944 mjini Cairo, kijana Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi wanawake katika shughuli ya zaar, yaani ngoma ya kupunga pepo. Kisha akarudi kwenye mitambo ya kituo, akaondoa baadhi ya sauti, akaongeza mwangwi, akabakiza kitu kisichofanana na ngoma wala na muziki wowote uliokuwepo. Miaka minne baadaye, Paris, Pierre Schaeffer wa redio ya taifa ya Ufaransa alifanya kazi kama hiyo kwa milio ya treni, ikarushwa hewani Oktoba 1948. Vitabu vingi huanzia kwa Schaeffer. Mimi huanzia Cairo.

Mwaka 1951 redio ya Köln, Ujerumani, ilifungua studio ya muziki wa elektroniki, ambako Karlheinz Stockhausen alifanya kazi. Wawili kati ya wanafunzi wake, Holger Czukay na Irmin Schmidt, waliunda bendi ya Can mwaka 1968. Baadaye Czukay aliacha kabisa gitaa la besi akawa anapiga redio ya masafa mafupi jukwaani, akichanganya sauti za watangazaji wa mbali na muziki wa wenzake. London, BBC ilifungua Radiophonic Workshop mwaka 1958 kwa ajili ya michezo ya redio. Humo ndimo Delia Derbyshire alimotengeneza muziki wa utangulizi wa Doctor Who mwaka 1963, akikata kanda kwa wembe na kuziunganisha noti moja baada ya nyingine, kabla sintesaiza hazijaanza kuuzwa.

Kwa hiyo vijana wa roki walipoanza kucheza na kanda, masikio yao yalikuwa yameshazoezwa na redio na televisheni tangu utotoni.

Mellotron ni chombo gani? Naiona kila mahali.

Ni kinanda kilichotengenezwa Birmingham kuanzia 1963. Chini ya kila kibonye kuna utepe wake wa kanda uliorekodiwa mpigaji halisi: noti moja ya fidla, au ya filimbi, au ya kwaya. Ukibonyeza, utepe unavutwa juu ya kichwa cha kusomea na sauti inatoka. Baada ya sekunde nane hivi utepe unakwisha na sauti inakatika. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo.

Sekunde nane hizo zimeuumba muziki huu kuliko watu wanavyodhani. Mpigaji hawezi kushikilia noti kadhaa kwa pamoja atakavyo, lazima vidole vihame kwa zamu, huyu akinyanyuka mwingine akishuka. Joto likizidi au umeme ukiyumba, okestra nzima inalegea. Ndiyo sababu fidla za Mellotron zina ule mtikisiko wa huzuni ambao fidla halisi hazina. Mike Pinder wa Moody Blues aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda chenyewe, akajua kukitengeneza kinapogoma, na unasikia faida yake kwenye Days of Future Passed ya 1967. King Crimson wakakifanya kitishe.

Ile milio ya sarafu katika "Money" ya Pink Floyd ilipatikanaje?

Kwa mkasi na rula. Roger Waters alirekodi sarafu zikirushwa ndani ya bakuli la kuchanganyia udongo katika kibanda alimokuwa mkewe akifinyanga vyungu. Zikaongezwa karatasi inayochanwa, mashine ya kuhesabia fedha ya dukani na milio mingine, jumla saba. Kila mlio ulikatwa kwenye kipande cha kanda cha urefu ule ule, vikaunganishwa, na ncha mbili zikafungwa pamoja ikawa duara. Duara hilo lilikuwa refu kuliko mashine, basi likapitishwa kwenye stendi ya maikrofoni ili lisilegee likizunguka. Milio saba, mapigo saba, na bendi nzima ikalifuata.

Albamu yenyewe, The Dark Side of the Moon, ilitoka Machi 1973. Kibao hicho kilifika nafasi ya 13 Marekani kama singo. Kwa mapigo saba! Miaka kumi kabla hakuna mkuu wa vipindi ambaye angekipitisha.

Je, ni redio pekee iliyofanya kazi hii?

La. Kulikuwa na klabu kama UFO na Marquee za London, kumbi za vyuo vikuu zilizolipa vizuri, na kampuni za santuri zilizofungua lebo maalumu: Deram ya Decca, Harvest ya EMI, Vertigo ya Philips. Lakini kumbi hizo zilibeba watu mamia. Tubular Bells ya Mike Oldfield, utunzi usio na mwimbaji wa nyimbo, wa kijana ambaye hakuwa na bendi ya kuzunguka nayo, ulitoka 25 Mei 1973. Siku chache baadaye Peel aliupiga wote, pande zote mbili, kwenye Top Gear. Tangazo gani lingefanya kazi hiyo?

Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, anahesabiwa humu?

Queen hawakuwa bendi ya progresivu kwa maana kamili, ila albamu zao za mwanzo zimelowa humo. Na kisa cha "Bohemian Rhapsody" kinakusanya karibu kila tulichozungumza.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja 5 Septemba 1946. Miaka 29 baadaye yeye na wenzake walikuwa studio wakirundika sauti juu ya sauti, hata kanda ikapauka kwa kupitishwa mara nyingi mno kwenye mashine. Kibao kilitoka na dakika 5 na sekunde 55, na kampuni ya santuri ikasita: nani atakipiga? Aliyekipiga ni Kenny Everett wa Capital Radio ya London, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtangazaji wa Radio London kule melini. Alipewa nakala kwa sharti asiirushe hewani. Akaanza kwa vipande, kisha chote, mara 14 katika wikendi moja ya Oktoba 1975. Jumatatu watu walikuwa madukani wakiulizia santuri ambayo haijatoka. Ilipotoka ilikaa nafasi ya kwanza wiki tisa.

Afrika ilikuwa na roki ya namna hii?

Ilikuwa na ya kwake. Osibisa waliundwa London 1969 na Waghana pamoja na wenzao wa Karibiani, na jalada la albamu yao ya kwanza ya 1971, lile la tembo wenye mbawa, lilichorwa na Roger Dean, ambaye ndiye aliyechora majalada ya Yes. Zambia nako, Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa nyumbani, na bendi kama WITCH na Amanaz zikapata hewa zikaizaa Zamrock. Vibao vyao ni vifupi na vikali zaidi, lakini tena unaona amri ya redio ikifungua mlango wa studio.

Kwa nini ilififia? Ni panki walioiua?

Panki, yaani bendi za roki fupi, ya kasi na isiyo na madoido, walisaidia. Peel mwenyewe alianza kupiga Ramones, bendi ya panki, mwaka 1976 na wasikilizaji wake wa zamani wakamwandikia kwa hasira. Lakini Marekani panki haikuwa na nguvu hiyo, na bado muziki huu ulififia. Huko sababu ni kwamba FM ilianza kuingiza fedha. Palipo na fedha wakaja washauri, maarufu wao akiwa Lee Abrams, na orodha zilizojengwa kwa utafiti wa wasikilizaji. Mtangazaji hakuruhusiwa tena kuleta santuri kutoka nyumbani.

Wapigaji hawakupoteza vidole vyao. Wanamuziki waliotoka Yes, King Crimson na ELP waliunda Asia, na mwaka 1982 albamu yao ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa vibao vya dakika nne. Yes wakapata singo yao ya kwanza ya namba moja Januari 1984. Ni watu wale wale, mbele ya redio tofauti.

Nianzie wapi kusikiliza?

Anza na rekodi za BBC za King Crimson za 1969 na za Pink Floyd za 1970 na 1971, kisha ndipo usikilize albamu zenyewe. Utasikia vibao vikiwa bado vibichi. Tumia vipokea sauti vya masikioni, na usiruke mwanzo hata kama unaona hakuna kinachotokea. Ukishazoea, nenda Italia: Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, ambayo nyumbani Uingereza haikufika popote, ilikaa namba moja huko kwa wiki 12 mwaka 1972. Mwaka huo huo Premiata Forneria Marconi, waliojiita kwa jina la duka la mikate, walitoa Storia di un minuto. Hiyo ya mwisho haina dakika nyingi za kukutisha, na filimbi yake ni tamu.